Hamali wa Joto: Jinsi Hewa ya Ukaa Ilivyopendekezwa Kushika Kazi ya Maji

Joto lililomo ndani ya ardhi halitoki lenyewe. Lazima lipate wa kulibeba. Tangu watu walipoanza kulitumia kwa kuendeshea mitambo, mbebaji huyo amekuwa maji, ama yakiwa maji ya moto ama yakiwa mvuke, na kwa muda mrefu haikufikiriwa kwamba angeweza kuwapo mwingine. Katika makala haya nataka kueleza jinsi lilivyozuka wazo la kuyaachisha maji kazi hiyo na kutafuta hamali wa pili, yaani ile hewa ambayo wanasayansi huiita dioksidi ya kaboni na magazeti yetu huiita hewa ya ukaa. Mimi si mtaalamu wa miamba; kazi yangu ni lugha. Nililazimika kuisoma historia hii kwa sababu ya neno moja, na yafaa nianze na neno hilo.

Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri kwa Kiswahili maelezo mafupi juu ya njia hii, yapate kusomwa na watu wasio wataalamu. Ni desturi yangu kumsomea shangazi yangu tafsiri zangu kabla hazijanitoka mkononi, kwa kuwa yeye hajui Kiingereza, wala haoni haya kuniambia kwamba sikueleweka. Nilimsomea hivi: "Hewa ya ukaa itasukumwa chini ya ardhi, ipate joto, kisha ipande juu." Akaninyamazisha.

"Mwanangu," akasema, "hewa hiyo si ndiyo ile ya jiko la mkaa? Si ndiyo inayowaua watu waliolala wamefunga madirisha? Nani basi atakayekubali kuishi juu yake?"

Sikuwa na jibu la upesi. Hewa inayowaua waliolala na jiko la mkaa chumbani ni monoksidi ya kaboni, kitu kingine kabisa, ambacho hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Ile niliyokuwa nikiiandika mimi ndiyo tunayoitoa puani kila tuvutapo pumzi, na ndiyo inayofanya soda kutoa mapovu. Walakini kwa upande wa lugha shangazi hakukosea. Ukaa na mkaa ni ndugu wa shina moja, na hewa ya mkaa kwa mtu wa nyumbani ni ile itokayo jikoni. Kosa lilikuwa letu sisi tunaounda istilahi bila kuuliza kama pale tunapotaka kukaa pana mwenyewe.

Na hewa hii tangu zamani haikuwa na bahati ya majina. Neno gesi lilibuniwa katika karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels aliyekufa mwaka 1644, naye alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya vurugu. Van Helmont alichoma ratili 62 za mkaa wa mti wa mwaloni, akabakiwa na ratili 1 tu ya majivu. Zile 61 zilikwenda wapi? Alisema kwamba zimegeuka kuwa roho ya mwituni, isiyokubali kufungwa chomboni wala kuonekana kwa macho. Roho hiyo ndiyo hewa yetu ya ukaa. Basi aliyeipa jina hilo kwa Kiswahili, kwa kujua au kwa kutojua, aliirudisha pale pale ilipotambuliwa kwanza, yaani katika mkaa. Baadaye, katika miaka ya 1750, Joseph Black wa Scotland aliipa jina lingine, lenye maana ya hewa iliyofungwa, kwa kuwa aliikuta imekaa ndani ya vitu vigumu vya namna ya chokaa na akaitoa humo kwa moto.

Karibu nasi zaidi, katika nchi ya Goma, mashariki ya Kongo, hewa hiyo hiyo hutoka katika nyufa za ardhi ya volkeno. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala katika mabonde madogo na mashimo, na mnyama au mtu ashukaye humo huweza kufa kabla hajatambua kilichompata. Mahali kama hapo wenyeji hupaita mazuku. Neno hilo limekwisha kuingia katika maandishi ya wataalamu wa volkeno wa dunia nzima, na wengi wao huandika kwamba ni Kiswahili, na kwamba maana yake ni "upepo mbaya." Mimi naionea shaka fasiri hiyo. Ndani ya mazuku hamna upepo wala ubaya. Na mwenye kukijua kitenzi kuzuka na jina mzuka atavutwa kwanza upande huo, ijapokuwa lugha nyingine za nchi ile nazo hazina budi kuulizwa kabla ya kukata shauri. Hofu iliyomo katika neno hilo, hata hivyo, si ya bure. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa ilifumka kutoka Ziwa Nyos nchini Cameroon, ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700. Shangazi yangu alichanganya hewa mbili, lakini hakukosea kudhani kwamba ninayoitaja inaweza kuua.

Sasa tuyaache majina, tuwatazame mahamali wenyewe, na tuanze na maji.

Huko Larderello, katika nchi ya Toscana, Italia, mvuke hutoka ardhini wenyewe. Mji huo umepewa jina la Mfaransa François de Larderel, ambaye katika karne ya 19 alitumia maji ya chemchemi hizo kwa kupata asidi ya boriki, na mvuke wake kwa kuyachemsha. Mwaka 1904 mwana wa kifalme Piero Ginori Conti aliutumia mvuke huo kuzungusha mashine ndogo ya umeme, akawasha taa tano. Mwaka 1913 palijengwa kituo cha kilowati 250. Jambo moja husahauliwa katika masimulizi ya Larderello: mvuke ule haukuwa maji matupu. Ulichanganyika na gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ilikuwa hewa ya ukaa. Kwa waendesha mitambo ilikuwa uchafu na kero, kwani mvuke ukipozwa hurudi kuwa maji, bali hewa ya ukaa haikubali, hubaki ikijaa mahali pasipotakiwa kitu na kupunguza nguvu ya mtambo. Hivyo siku zile za kwanza hamali wa pili alikuwapo tayari, akipanda juu pamoja na wa kwanza, na kazi ya mafundi ilikuwa kumfukuza.

Barani Afrika mwanzo ulikuwa Kiabukwa, katika Katanga, mwaka 1952, ambako maji ya chemchemi yenye joto la digrii 91 yaliendesha mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi kwa ajili ya machimbo. Mtambo huo ulikwisha kunyamaza zamani, na ni wachache wanaoukumbuka. Kenya ilianza kuchimba Olkaria mwaka 1956. Visima viwili vya kwanza havikufaa kitu, kazi ikalala mpaka miaka ya 1970, na umeme wa kwanza ulipatikana mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Leo Kenya inapata kutoka ardhini umeme wenye uwezo wa zaidi ya megawati 900, na wote huo umebebwa na maji.

Dalili ya kwanza kwamba maji yaweza kusaidiwa ilionekana mbali na hapa, huko Paratunka katika rasi ya Kamchatka, mwaka 1967. Warusi walikuwa na maji ya moto yasiyofika digrii 100, ambayo hayawezi kutoa mvuke wa nguvu. Wakayapitisha kando ya mabomba yenye giligili nyingine inayochemka upesi, ya jamii ya zile zitumiwazo katika majokofu, na mvuke wa giligili hiyo ndio uliosukuma mtambo. Maji yalilifikisha joto mpaka mlangoni, mwingine akalipokea. Chini ya ardhi, lakini, bado walikuwa ni maji peke yao.

Mahali palipozaa wazo ninalolieleza ni Fenton Hill, katika milima ya Jemez, New Mexico, Marekani. Hapo pana mwamba mgumu wa matale, wenye moto mwingi kwa sababu ya volkeno ya kale iliyo jirani, lakini ni mkavu: hauna maji wala mianya ya kuyapitisha. Wataalamu wa Los Alamos, maabara ile ile iliyotengeneza bomu la kwanza la atomiki, walijiuliza: kama mwamba una joto na hauna maji, kwa nini tusiupelekee? Shauri lao lilikuwa kuchimba visima viwili, kuupasua mwamba ulio kati yake kwa maji yanayosukumwa kwa nguvu nyingi, kisha kuyapitisha maji baridi kutoka kisima kimoja mpaka kingine. Hati ya haki ya uvumbuzi wao, yenye majina ya Potter, Robinson na Smith, ilitolewa mwaka 1974, na uchimbaji wa Fenton Hill ukaanza mwaka huo huo.

Jaribio la kwanza, lenye kina cha karibu kilometa 3, lilifaulu. Maji yalizunguka, yakarudi na joto, na mashine ya kilowati 60 ikaendeshwa nayo. Wakatiwa moyo, wakashuka zaidi ya kilometa 4, ambako joto hupita digrii 300. Hapo ndipo mwamba ulipowakatalia. Mwezi wa Desemba 1983 walisukuma chini lita milioni 21 hivi za maji, wakitazamia kwamba nyufa zitasimama wima na kuviunganisha visima viwili kama hesabu zao zilivyoonyesha. Vyombo vya kusikiliza mitetemeko midogo vikaonyesha kwamba mwamba umepasuka upande mwingine, ukifuata nyufa zake wenyewe za kale. Visima havikuunganika. Ilibidi mwaka 1985 kimoja kipindishwe na kuchimbwa upya kuelekea nyufa zilipo, na si kule zilikotakiwa ziwe. Majaribio marefu ya kuzungusha maji yalifanywa katika miaka ya 1992 na 1993, na ya mwisho mwaka 1995. Kisha mradi ukafungwa.

Fenton Hill ilithibitisha kwamba jambo hilo lawezekana, na papo hapo ikayafichua mapungufu ya maji. Yalihitaji pampu zenye nguvu nyingi ili kupenya katika nyufa nyembamba. Sehemu yake ilipotelea mwambani isirudi, na New Mexico ni nchi kavu ambayo maji yana wenyewe na wagombea. Tena maji ya moto sana huyeyusha mawe: huchukua silika (nisieleweke kuwa nataja silika ya mtu, ni ile asili ya mchanga na kioo), nayo yanapopoa huiacha ndani ya mabomba ikagandamana kama ukoko wa sufuria.

Mwezi wa Januari 2000 Bwana Donald Brown, mmoja wa waliofanya kazi miaka mingi katika mradi huo, alisoma karatasi yake katika mkutano wa wataalamu wa joto la ardhi huko Stanford. Alitoa shauri kwamba visima viwe vile vile na nyufa ziwe zile zile, ila kinachozunguka kisiwe maji, kiwe dioksidi ya kaboni. Shauri hili halikutoka kwa mgeni aliyeotea. Lilitoka kwa mtu aliyeyaona maji yakishindwa kwa macho yake, na nadhani ndiyo sababu lilisikilizwa.

Ili kulifahamu yatupasa kurudi Belfast, mwaka 1869, kwa Thomas Andrews. Huyu alikuwa akiikandamiza dioksidi ya kaboni ndani ya vijibomba vya kioo. Joto likiwa chini ya digrii 31, hewa ile iligeuka kuwa maji maji, na mpaka kati ya maji maji na hewa ulionekana wazi. Joto likipita digrii 31 hivi, mpaka ulitoweka, wala hakuna mkandamizo uliourudisha. Kilichobaki kilikuwa kizito kwa kadiri ya maji maji na chepesi kupenya kama hewa. Kwa mkandamizo, hali hii huhitaji mara 73 hivi ya ule wa hewa inayotuzunguka. Na kwa kawaida ukishuka chini ya mita 800 ardhini, joto na mkandamizo wa kutosha hupatikana pasipo shida. Maji nayo yana kiwango chake cha namna hiyo, lakini hakifiki mpaka digrii 374.

Basi hoja ya Bwana Brown ilikuwa hivi. Dioksidi ya kaboni ikiingia kisima cha kwanza ingali baridi huwa nzito sana; ikitoka kisima cha pili imekwisha kupata moto huwa nyepesi sana. Tofauti hiyo ya uzito yaweza yenyewe kuisukuma, iliyo nzito ikiipandisha iliyo nyepesi, na kazi kubwa ya pampu ikapungua. Haiyeyushi mawe kama maji, kwa hiyo haiachi ukoko. Na ile itakayopotelea mwambani haitakuwa hasara, maana dunia inatafuta mahali pa kuifukia. Maji yakipotea ni gharama. Hewa hii ikipotea ni faida. Kwa upande mwingine, kilo moja ya dioksidi ya kaboni hubeba joto dogo kuliko kilo moja ya maji, chini ya nusu. Ni hamali anayejitwika mzigo mdogo, ila ana mbio.

Je, mbio zake zatosha kufidia udogo wa mzigo? Swali hilo lilijibiwa kwa hesabu na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley, katika makala aliyoitoa mwaka 2006. Kwa mwamba wenye joto la digrii 200, alipata kwamba dioksidi ya kaboni ingetoa joto kwa kasi iliyozidi ile ya maji kwa asilimia 50 hivi. Mwaka 2011 Jimmy Randolph na Martin Saar wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliligeuza wazo upande mwingine: kwa nini kuhangaika kupasua matale, wakati ipo miamba ya mchanga yenye vitundu vya asili, iliyofunikwa juu na mwamba usiopitisha kitu, ambayo ndiyo hasa inayotafutwa kwa kufukia hewa ya ukaa? Yafaa hewa hiyo ifanye kazi kwanza kabla ya kulazwa.

Mpaka hapo ni hesabu na hoja. Majaribio ya shambani yamekuwa machache, na yamenyenyekeza watu. Huko Cranfield, Mississippi, ambako dioksidi ya kaboni ilikuwa imekwisha kusukumwa ardhini kwa wingi, mwaka 2015 wataalamu walijaribu kuiacha izunguke yenyewe kwa tofauti ya uzito tu. Haikuweza kudumisha mzunguko wake. Zaidi ya hayo, miamba mingi ina unyevu, na dioksidi ya kaboni ikikutana na maji hufanya asidi inayokula chuma na saruji ya visima. Hamali mpya hana neno akiwa peke yake. Ugomvi huanza akikutana na yule wa zamani. Hata leo njia hii ingali katika mikono ya wachunguzi.

Kwetu Afrika ya Mashariki hamali wa zamani hajashindwa. Olkaria ina maji yake ya moto chini, na sioni sababu ya mtu kukimbilia kuyabadili. Lakini kiu ya maji i karibu hata hapo: maji ya kuchimbia visima vya Olkaria yamekuwa yakivutwa kutoka Ziwa Naivasha, ambalo wakulima, wavuvi na wafugaji nao hulitegemea. Na hewa ya ukaa yenyewe si mgeni katika nchi zetu. Huko Kereita, Kenya, hutolewa ardhini na kuuzwa. Huko Rungwe, Tanzania, kadhalika, na viwanda vya vinywaji ndivyo wanunuzi. Siku yoyote wachunguzi watakapokuja na shauri kama la Bwana Brown, watakutana na watu ambao wana maneno yao tayari: mazuku, hewa ya jiko, gesi ya soda. Wakiwaletea "hewa ya ukaa" pasipo maelezo, wataulizwa lile alilouliza shangazi, na pengine hapatakuwa na nafasi ya kufasiri mara ya pili.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni haya. Katika magazeti, ambako hewa ya ukaa imekwisha kuzoewa kwa habari za tabia ya nchi na biashara yake, haina haja ya kung'olewa. Katika maandishi ya kitaalamu, na hasa yale yanayowahusu watu wanaokaa juu ya visima, iandikwe dioksidi ya kaboni, na mwenzake aitwe monoksidi ya kaboni, hata kama maneno hayo ni mazito mdomoni. Uzito wake wenyewe humzuia msomaji asidhani kwamba anayajua. Na kwa ile hali aliyoiona Andrews, ambayo si hewa wala si maji maji, tusiandike hewa hata kidogo. Neno giligili linatumika tayari kwa vitu vyote vinavyotiririka, viwe vya namna ya maji au vya namna ya hewa, nalo latosha, mradi mwandishi aeleze mara moja kwamba ni giligili iliyokwisha kupita mpaka. Wenzangu wengine hupendelea kuunda neno jipya kwa hali hiyo. Sikatai, lakini kwanza ningependa kulisikia mdomoni mwa fundi wa kisima.

Nilirudi kwa shangazi na sentensi mpya: "Dioksidi ya kaboni, ambayo si hewa ya jiko bali ni ile iliyomo katika soda, itasukumwa ndani sana ya ardhi, ambako mkandamizo utaifanya iwe nzito kama maji." Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Hiyo nimeielewa," akasema. "Na ikivuja?"

Nikaketi tena, nikaandika aya nyingine, na humo nikalitaja Ziwa Nyos.